Waandikeni majina pale walipoanguka

Kwa waheshimiwa madiwani wa baraza la kijiji chetu hapa Lincolnshire. Kwa halmashauri ya wilaya inayotoa vibali vya ujenzi. Na kwa maofisa wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza mnaosimamia mabaki ya ndege za vita.

Shikamooni wakubwa wangu. Nawaandikia kuhusu mahali zilipoanguka ndege za vita hapa kijijini, pasipo hata kibao chenye majina ya waliokufa.

Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeshaitia posta, kila mmoja wenu ataipata. Hii ya Kiswahili naiweka wazi kwa sababu mbili. Kwanza, habari za msiba najua kuzisema vizuri kwa lugha niliyolelewa nayo. Pili, tuko wengi huku, Watanzania, Wakenya, Wakongomani, tunaowahudumia wazee wenu majumbani, na wazee hao wanatusimulia mambo ambayo pengine hakuna mwingine aliyeketi kuwasikiliza. Nataka wenzangu nao wasome, kisha wakawaulize wazee wao.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wa tisa naishi kijijini kwenu. Miongoni mwa wazee ninaowahudumia yuko mama mmoja wa miaka 89. Mimi namwita Bibi, na jina hilo amelipenda hata wajukuu zake wameanza kumwita hivyo.

Asubuhi moja ya Novemba iliyopita, nikiwa namvalisha soksi, aliniomba nimshushie kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na vifungo, sindano, picha ndogondogo, na pete. Pete yenyewe si ya dhahabu wala ya fedha. Ni ya plastiki ngumu ambayo zamani ilikuwa angavu kama kioo. Sasa imegeuka rangi ya asali, imejaa mikwaruzo, na upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine kwa kuwa ilichongwa kwa kisu na mikono ya mtoto. Bibi akaisugua kwenye blanketi kwa nguvu kidogo, akanisogezea puani. "Nusa." Ikatoa harufu tamu, kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Akaniambia kaka yake ndiye aliyeichonga, kutoka kipande cha dirisha la ndege ya Lancaster, ya mabomu ya Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliyoanguka shambani nyuma ya kwao, yeye akiwa na miaka saba.

Siku hiyo nilichelewa kwa mzee wa pili, kwa sababu Bibi hakunyamaza. Alisimulia jinsi ndege ilivyopita chini sana juu ya mapaa, injini moja ikikohoa, kisha kimya, kisha mwanga uliopenya pazia jeusi la vita mpaka chumba kikawa kama mchana. Baba yake na majirani walikimbia na koleo na blanketi wakashindwa kusogea, kwa joto, na kwa risasi zilizokuwa zikilipuka ndani ya moto. Asubuhi wanajeshi walilizungushia lile eneo kamba. Alichokiona yeye kwa macho yake ni kiatu kimoja, cha kurukia, chenye manyoya ya kondoo kwa ndani, kikining'inia kwenye ua wa miti ya miiba. Lakini kilichobaki moyoni mwake kuliko kiatu ni baba yake. Alirudi alfajiri, akaketi jikoni na viatu vyake vyenye matope, hakusema neno, na mama yake, ambaye siku zote aligombana na matope, hakumwambia avue.

Ndani ya Lancaster walikuwa wakipanda watu saba. Rubani. Fundi wa injini kando yake. Mwongoza njia na ramani zake nyuma ya pazia. Mlenga mabomu, amelala kifudifudi puani mwa ndege. Mtu wa redio. Mpiga bunduki wa juu mgongoni, na mwingine peke yake mkiani, kwenye baridi kuliko wote. Nyumbani kwetu vijana wa umri huo huitwa bado watoto: umri wa kawaida wa wanaanga wa kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza ulikuwa kama miaka 22. Majina ya hawa saba yapo. Nilichukua basi hadi Lincoln, nikapanda kile kilima wanapokumbukwa watu wa kikosi hicho, penye mnara wa chuma wenye urefu wa mita 31, sawa na upana wa mabawa ya Lancaster kutoka ncha hadi ncha. Kuta zake zina majina karibu 58,000. Nilitafuta mpaka nikawapata wote saba. Siyaandiki hapa, kwa sababu wana ndugu, na ndugu waulizwe kwanza.

Sasa niwaambie kwa nini naandika leo na si mwakani. Kwenye nguzo ya taa, mwanzo wa njia ya miguu inayokatiza shamba lile, limebandikwa tangazo la maombi ya kujenga nyumba. Sipingi nyumba. Vijana wa kijiji hiki wanahitaji mahali pa kukaa, na sisi walezi pia. Nililiandikia baraza la kijiji kuuliza kama wajenzi wameambiwa kilichoko pale chini. Jibu lilikuwa la mistari miwili: kwamba mahali hapo hapako kwenye orodha yoyote iliyopo ofisini, na kwamba baraza la kijiji hutoa maoni tu, mwamuzi ni wilaya. Sehemu ya pili ni kweli. Ya kwanza ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Mheshimiwa diwani, sheria ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi haihitaji orodha ya ofisini kwenu. Kila mahali katika nchi hii palipoanguka ndege ya kijeshi panalindwa moja kwa moja, pawe pameandikwa au hapajaandikwa. Kufukua, kusogeza au kuondoa kitu pale bila kibali cha Wizara ya Ulinzi ni kosa la jinai. Na wizara kwa kawaida haitoi kibali panapodhaniwa kuna mabaki ya binadamu au mabomu ambayo hayajalipuka. Sheria hiyo ni nzuri, na naishukuru nchi hii kwa kuitunga. Ila sheria inayolinda mahali pasipojulikana humlinda nani? Dereva wa katapila hawezi kuheshimu asichoambiwa. Atachota udongo, ataumwaga kwenye lori, na lori litaondoka.

Mwenye shamba, mzee mpole anayenipa mayai, alinipeleka pale baada ya kulima. Ukisimama mbali huoni kitu. Ukiinama, unaona udongo una unga mweupe wenye rangi ya samawati kwa mbali, ambao ni alumini iliyooza, na vipande vidogo kama kucha, vyepesi, vilivyoyeyuka na kuganda tena. Ananiambia ngano pale kila mwaka hukaa fupi. Babake alikuwa akipita na jembe la trekta kwa mbali, akiacha kipande kama cha chumba kimoja bila kulimwa. Aliyekuja kukilima ni yeye, na alinikiri hilo kwa sauti ya mtu anayeungama. Nilimuuliza kwa nini hawakuweka hata jiwe. Akasema hakuna aliyewahi kuwaambia kama inaruhusiwa.

Hili neno, "kama inaruhusiwa," limebeba mambo mengi. Nimezunguka na wazee wengine watatu wa hapa, na ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kanisani nimehesabu sehemu nne walizonionyesha kwa kidole. Hakuna hata moja yenye kibao. Si ajabu kwa mkoa wenu. Lincolnshire peke yake ilikuwa na viwanja 49 vya ndege za vita ilipofika mwaka 1945, vingine vimekaribiana mpaka mizunguko ya ndege zao ilikuwa ikipishana angani usiku. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba marubani wa vita walikufa Ujerumani, kwa mizinga ya adui. Lakini kati ya wanaanga zaidi ya 55,000 wa kikosi cha mabomu waliokufa, zaidi ya 8,000 walikufa kwa ajali, wengi wao mafunzoni, juu ya mashamba na vilima vya nchi yao wenyewe au ya wenyeji wao. Ndege za mafunzo mara nyingi zilikuwa kuukuu zilizokwisha kuchoka vitani. Walimu walikuwa wamechoka, wanafunzi hawajazoea giza, na hali ya hewa ya kisiwa hiki nyote mnaijua.

Chukueni usiku mmoja tu, wa tarehe 16 Desemba 1943. Ndege zilitoka kwenda Berlin, zikafika, zikageuka. Waliopona mizinga walikuta nyumbani kumefunikwa na ukungu, wingu limegusa ardhi, nao mafuta yanaelekea kwisha. Vijana walizunguka juu ya viwanja vyao wenyewe wakisikia sauti za wenzao kwenye redio, wasione taa. Zaidi ya ndege 25 zilianguka usiku huo au ziliachwa na watu wake wakaruka na miavuli. Wenye kupata bahati walielekezwa Graveley, ambako petroli iliwashwa kwenye mabomba kandokando ya njia ya kutua ili joto linyanyue ukungu. Mitambo ya namna hiyo iliwekwa pia hapa kwetu, Fiskerton, Metheringham na Ludford Magna. Nikiwaza usiku ule nawaza hasa wale waliokuwa wameshavuka bahari. Mtu aliyekwisha kuuona ufuo wa kwao anakuwa ameanza kufikiria kitanda.

Na msidhani wenyeji wa chini walikuwa watazamaji tu. Freckleton, kijiji cha Lancashire, tarehe 23 Agosti 1944, ndege ya Kimarekani aina ya Liberator iliruka kutoka kiwanja jirani cha Warton kwa majaribio baada ya matengenezo, ikakutana na dhoruba ya radi. Ikiwa inajaribu kurudi, ikaangukia kijiji, na moto wa mafuta yake ukaingia darasa la watoto wadogo la shule ya Holy Trinity. Walikufa watu 61. Kati yao 38 walikuwa watoto wa shule. Kijiji kile kiliwazika watoto wake pamoja katika kaburi moja, na mwaka uliofuata askari wa Kimarekani wenyewe walijenga bustani na uwanja wa michezo wa watoto kwa kumbukumbu yao. Mimi ni mama. Kuna mambo siwezi kuyaandika zaidi ya hapo. Nataka tu mwone kwamba Freckleton hawakungoja mtu wa kuwaambia kama inaruhusiwa.

Kuna jiwe jingine nililolifuata siku ya mapumziko yangu, huko Yorkshire, juu ya mlima Buckden Pike. Nilikwenda na rafiki yangu wa Mombasa, upepo ukitupiga mpaka tukashikana mikono. Mwishoni mwa Januari 1942 ndege ya Wellington yenye vijana sita wa Poland waliokuwa mafunzoni iligonga mlima ule katikati ya dhoruba ya theluji. Aliyeweza kutambaa ni mmoja tu, mpiga bunduki wa mkiani, Joseph Fusniak, mguu wake umevunjika. Hakujua kijiji kiko upande gani. Akaona nyayo za mbweha kwenye theluji, akakata shauri kwamba mnyama mwenye njaa hushuka kwenye nyumba za watu, akazifuata. Zikamfikisha Cray, na watu wa Cray wakampokea. Wenzake watano walikufa. Miaka thelathini baadaye yeye mwenyewe aliwasimamishia msalaba wa jiwe mahali pale, wenye vipande vya ndege ndani ya saruji, na chini yake kichwa kidogo cha mbweha cha shaba nyeusi. Niliweka kidole changu juu ya kile kichwa. Kilikuwa kimelainika puani kwa vidole vya waliotangulia.

Waheshimiwa, hivyo ndivyo jina linavyokaa mahali. Ukutani Lincoln vijana wetu saba wako na wenzao 58,000, na ni heshima kubwa. Lakini anayepita na mbwa wake kwenye njia ya miguu ya hapa kila jioni hajui anapita kando ya nani. Watoto wa shule ya msingi, wa kwangu akiwemo, wanafundishwa vita kwa picha za London, ilhali vita vilifika mita mia nne kutoka wanapochezea mpira.

Najua pingamizi mtakazoleta, kwa sababu nimeziuliza na kujibiwa kwa upole na watu wanaojua kazi yao. La kwanza ni kwamba ukiweka alama unawaita wezi wenye vifaa vya kutambua chuma. Hofu hiyo ina msingi, na mimi sitaki mtu auze kifungo cha koti la marehemu kwenye mtandao. Lakini wale watu wanapajua tayari. Wanasoma taarifa za zamani za ajali, wanapiga hesabu za ramani, wanakuja usiku. Asiyejua ni mwenye heshima: mjenzi, mwalimu, mpita njia, ndugu aliyetoka Kanada kutafuta alipofia kaka wa bibi yake. Kwa kuficha tumewafungia mlango watu wema na kuwaachia dirisha wezi. Na kibao si lazima kisimame juu ya shimo lenyewe. Kiwekwe kwenye njia ya miguu, kwenye kivuko cha ua, palipo na macho ya watu siku nzima. Mwizi huogopa macho kuliko sheria.

La pili, mnasema kwamba wizara haiwezi kufukua kila mahali, na kwamba desturi yenu ni kuwaacha wafu walale walipo. Hapo tuko pamoja kabisa. Mimi siombi mfukue. Kwetu pia kaburi halichezewi. Ninachoomba ni kwamba pale ambapo ardhi itafukuliwa kwa vyovyote vile, na katapila za nyumba, mitaro ya maji au nguzo za umeme wa jua, wafike kwanza wanaojua kufukua kwa adabu. Mmeshawahi kufanya hivyo, na mlifanya vizuri. Huko Holme Fen, upande wa Cambridgeshire, rubani Harold Penketh alianguka na Spitfire yake tarehe 22 Novemba 1940, bado yuko mafunzoni, umri miaka 20. Ilipoamuliwa kwamba ardhi ile irudishwe kuwa kinamasi, mwaka 2015 wanaakiolojia waliifukua kabla ya maji, wakishirikiana na wanajeshi wastaafu walioumia vitani, katika mpango wa wizara yenyewe unaoitwa Operation Nightingale. Walitoa saa yake ya mkononi na kasha lake la sigara kutoka udongo mweusi. Walioshika vile vitu walikuwa watu wanaojua kifo cha vita ni nini. Kama iliwezekana kwa kinamasi, itawezekana kwa mtaa wa nyumba.

Tena tazameni majirani. Uholanzi serikali yao imetenga fedha za kuinua ndege ambazo bado zina wanaanga waliopotea, nyingi zikiwa ndege zenu, vijana wenu. Mwaka 2020 waliitoa Stirling ya Kiingereza kutoka ziwa la Markermeer, iliyokuwa imelala majini na watu saba tangu Machi 1943. Marekani nao walileta wataalamu Suffolk mwaka 2023, wakachuja udongo wa msitu ndoo kwa ndoo kumtafuta rubani mmoja. Siwalinganishi ili niwaaibishe. Nasema tu kwamba ikiwa mgeni anakuja kumtafuta ndugu yake kwenye udongo wenu, nanyi mnaweza kuandika majina saba kwenye ubao.

Naombeni pia msichague. Moja ya zile sehemu nne ni ya ndege ya Kijerumani, Junkers. Mzee aliyenionyesha alishusha sauti, kama vile tumefika kwa jirani tuliyegombana naye. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 1945, vita vikikaribia kwisha, ndege za Kijerumani ziliwafuata walipuaji wa Kiingereza mpaka juu ya viwanja vyao, na ya mwisho kabisa kuanguka katika ardhi ya Uingereza wakati wa vita ilianguka Sutton upon Derwent, Yorkshire, ikiwinda ndege ya Kiingereza aina ya Halifax iliyokuwa na wanaanga wa Kifaransa, ikagonga nyumba ya shamba na kuua baadhi ya waliokuwa ndani pamoja na watu wake wote wanne. Mjerumani, Mfaransa, na mkulima wa Yorkshire, katika dakika moja. Wajerumani wenyewe mmewazika kwa heshima huko Cannock Chase, karibu watu 5,000 wa vita vyote viwili. Basi heshima hiyo ifike na shambani. Mama wa yule wa Junkers alingoja barua kama wengine.

Watu wameniuliza, tena kwa wema, kwa nini mimi mgeni nijitwishe jambo hili. Kwetu husemwa mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sababu yangu ni ya nyumbani zaidi. Mdogo wake babu yangu aliingia jeshi la Keya, kama tulivyoiita KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, akapelekwa Burma na kikosi cha Afrika Mashariki mwaka 1944, kwenye mvua na matope ya bonde la Kabaw. Hakurudi. Nyumbani Tanga hatuna kaburi la kuzuru. Babu yangu, mpaka anaingia kaburini, kila tulipomaliza kusoma hitima ya mtu mwingine alikuwa anaongeza jina la mdogo wake, kwa sauti, kisha anataja Burma. Hakuwahi kuiona Burma hata kwenye ramani. Alihitaji tu jina likae na mahali. Kama kuna mama kijijini huko Burma anayejua palipolala askari mrefu mweusi, na akawa amewaonyesha watoto wake, basi namwombea kheri. Ninachokifanya hapa ni kile ninachotamani yeye awe amekifanya kule.

Kwa hiyo ombi langu kwa wilaya ni kwamba maombi yale ya ujenzi yasipitishwe mpaka eneo lile liingizwe kwenye daftari la mambo ya kale la kaunti, wizara iulizwe kwa maandishi, na sharti la wanaakiolojia kutangulia liandikwe ndani ya kibali, si kwenye barua ya pembeni. Sehemu ile ambayo babake mwenye shamba hakuilima inaweza kubaki kuwa bustani ndogo katikati ya nyumba. Mchoro wa mjenzi tayari una nafasi ya majani mahali pengine, ni suala la kuisogeza. Kwa wizara naomba waraka mmoja, wa lugha nyepesi, utumwe kwa kila baraza la kijiji: nini kinakatazwa, nini kinaruhusiwa, na kwamba kuweka jiwe la kumbukumbu kando ya njia si kosa. Mwenye shamba wangu amengoja miaka sitini kuambiwa hilo.

Na kwa baraza la kijiji, ninyi mnaonifahamu kwa sura, mnaonisalimu dukani, naomba jambo lisilo na gharama. Watumeni watu wawili na kinasa sauti kwa wazee waliobaki. Nimewahesabu: ni wanne wanaokumbuka kwa macho yao, na mmoja ameanza kusahau. Bibi ananiambia katika miaka themanini hakuna mtu yeyote wa serikali, wa shule wala wa kanisa aliyewahi kumuuliza aliona nini usiku ule. Aliyemuuliza ni mlezi wake, kwa sababu ya pete. Mwezi uliopita alilazwa kwa kifua, nikakaa naye hospitali usiku mzima nikiogopa, nikajikuta naandika nyuma ya karatasi ya dawa: kiatu, ua wa miiba, matope jikoni. Mambo haya hayapaswi kutegemea karatasi yangu ya dawa.

Mkutano wenu ujao ni Jumanne, ukumbi wa kijiji, saa moja jioni. Nimeomba dakika tatu za kuzungumza, na katibu amekubali. Bibi amesema na yeye atakuja, na pete anakuja nayo. Anataka mwenyekiti aisugue mwenyewe, anuse. Nitamleta kwa kiti chake cha magurudumu. Pale mlangoni mwa ukumbi pana ngazi mbili, na ule ubao wa kupandishia sijauona tangu Krismasi. Tafadhali mtu auweke kabla hatujafika.

Wenu kwa heshima,

Mlezi wa wazee, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa kijiji chenu